Kiirua hakuna bahari, ila kisiwa kipo

Nyayo zilikuwa katikati ya matuta ya waru, kila moja pana kama karai. Anko alizifuata pole pole, jembe begani, akihesabu. Mimi nilikuwa nimefika kutoka Nairobi usiku uliotangulia na nilitarajia kumkuta amewaka moto. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma ujumbe kwa simu.

"Watatu," akasema. "Na mtoto mmoja."

Mistari sita ya shangi ilikuwa imelala chini kana kwamba trekta imepita. Zilibaki kama wiki tatu hivi zivunwe. Kitu kimoja kilinishangaza: hawakuwa wamekula sana. Walikanyaga tu, wakapita, wakavunja nyaya mbili za ua upande wa pili na kuendelea na safari yao. Nyayo zote zilielekea juu, upande wa mlima.

Anko akaegemea jembe. "Wewe umesoma. Hebu niambie. Hiyo mlima yote, kutoka hapa mpaka Embu, mpaka Nyeri, haiwatoshi? Wanatafuta nini huku kwangu?"

Nikasema labda ni njaa.

"Njaa gani na msitu umejaa?"

Nilinyamaza. Lakini swali lilinifuata hadi Nairobi, na nimekuwa nikilitafutia jibu kwa wiki kadhaa sasa. Jibu fupi ni kwamba hapana, mlima hauwatoshi. Jibu refu linaanzia mahali ambapo mtu wa Kiirua hawezi kufikiria kulitafuta, yaani visiwani, kwenye maji ya chumvi.

Kwa ambao hawajafika, Kiirua iko Buuri, kaunti ya Meru, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya. Asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunika, unaviona vilele vya Kirimaara, maana ndivyo Wameru wanavyouita mlima huo. Ukigeuka nyuma, ardhi inateremka kuelekea Isiolo na joto lake. Juu msitu, chini mbuga, katikati sisi na waru zetu. Shika picha hiyo kichwani kwa sababu tutairudia.

Sasa twende kwa wataalamu kidogo, halafu Pwani. Mwaka 1967, Wamarekani wawili, Robert MacArthur na Edward O. Wilson, walichapisha kitabu kuhusu visiwa ambacho hadi leo kinafundishwa vyuoni. Swali lao lilikuwa rahisi: kwa nini kisiwa kimoja kina aina nyingi za viumbe na kingine kina chache? Kitabu chenyewe kimejaa hesabu, ila wazo lake linaingia kwenye mathree bila shida.

Wazia kisiwa ni matatu. Kuna wanaopanda na kuna wanaoshuka. Wanaopanda ni aina mpya za viumbe zinazofika kutoka bara, kwa kuruka, kuogelea au kuelea juu ya gogo. Wanaoshuka ni zile zinazokufa zote hapo kisiwani zikaisha. Ukisimamisha gari saa yoyote na kuhesabu waliomo, idadi itategemea mambo mawili makubwa: steji iko mbali kiasi gani na watu, na gari lina viti vingapi. Kisiwa kilicho karibu na bara hupata abiria kila mara. Kisiwa kikubwa huwabeba wengi na hawashuki ovyo. Kisiwa kidogo kilicho mbali ni kama gari la viti vinne linalosubiri abiria kule ambako hata bodaboda hazifiki.

Kwa nini udogo uue? Kwa sababu eneo dogo linabeba wanyama wachache wa kila aina, na wachache ni rahisi kuisha. Ukame mmoja, ugonjwa mmoja, moto mmoja, au bahati mbaya tu ya kuzaliwa madume matupu miaka miwili mfululizo. Wakibaki wachache wanaanza kuzaana ndugu kwa ndugu, na hapo udhaifu unaingia kwenye damu. Hakuna aliyewaua kwa siku moja. Hesabu ndiyo imewakataa.

Mamalia, yaani wanyama wanaonyonyesha, ndio wasafiri wabaya zaidi katika mambo haya. Ndege huruka, mbegu hupeperushwa, mjusi anaweza kukaa juu ya gogo wiki nzima bila kula. Lakini mnyama mwenye damu moto anahitaji chakula na maji kila wakati. Ukimtoa popo, ambaye ana mbawa zake, mamalia wengi hawavuki maji mapana. Madagaska ndiyo shahidi. Iko kilomita kama 400 kutoka Afrika, ni kubwa kuliko Kenya, na bado haina simba, haina twiga, haina swala hata mmoja wa asili. Ina lemuri, zaidi ya aina 100, na wote wametokana na babu wachache waliofika zamani mno. Mwaka 2010, Jason Ali na Matthew Huber walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba mikondo ya bahari ya enzi hizo ingeweza kusukuma vipande vya mimea vikiwa na abiria kutoka Afrika hadi kule. Fikiria mnyama mdogo mwenye mimba, juu ya mti uliong'olewa na mafuriko, katikati ya bahari. Nchi nzima ya lemuri ilianza na ajali kama hiyo.

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko karibu nasi: Unguja na Pemba.

Ukiangalia ramani unaona visiwa viwili pacha, vyote haviko mbali na bara, hakuna tofauti kubwa ya umbali. Kwa hesabu ya steji na viti peke yake, ungetarajia wanyama wao wafanane. Hawafanani. Unguja ina kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu na nywele kama za mzee aliyeamshwa ghafla, ambaye hapatikani kiasili popote pengine duniani. Ina paa nunga, paa mdogo ambaye pia yuko huku kwetu katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi. Ilikuwa hata na chui wake, mdogo kuliko wa bara. Pemba haijawahi kujulikana kuwa na chui. Mnyama wake maarufu ni popo mkubwa anayekula matunda, na ndugu zake wa karibu hawako Tanga wala Mombasa, wako Madagaska, Komoro na visiwa vya mashariki huko.

Tofauti iko chini ya maji. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, sehemu nyingi hazifiki hata mita 60. Mkondo wa Pemba unashuka mamia ya mita. Sasa, miaka kama 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kali, maji mengi yaliganda kuwa barafu nchi za kaskazini, na bahari ilishuka mita zipatazo 120. Toa mita 120 kwenye mkondo wa Unguja na unapata nchi kavu. Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima tu, na chui aliingia kwa miguu. Toa mita 120 kwenye mkondo wa Pemba na bado unahitaji mashua.

Kwa hiyo idadi ya wanyama kisiwani haisemi tu kisiwa ni kikubwa kiasi gani na kiko wapi. Inasema pia kama kuliwahi kuwa na mlango, na mlango ulifungwa lini.

Na mlango ukifungwa hutokea jambo ambalo hungeliona ukisimama pale siku ile. Karibu na Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, kuna pango linaloitwa Kuumbi. Wanaakiolojia wamechimba pale kwa miaka mingi, na kwenye tabaka za chini, zile za enzi Unguja ilipounganika na bara, walipata mifupa ya punda milia na nyati. Punda milia, Zanzibar! Leo hakuna. Bahari ilipopanda na kukata njia, miaka kama 10,000 hivi iliyopita, wanyama hao walijikuta ndani ya eneo la kilomita mraba 1,600 na ushee, nyasi zikigeuka vichaka, na watu wenye mishale wakiwa nao humo humo. Hawakufa siku mkondo ulipojaa. Waliendelea kuzaa, kunywa maji, kupigana. Pengine hata vizazi vingi. Lakini deni lilikuwa limeshaandikwa, na walilipa mmoja mmoja hadi wakaisha.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa anko, au tuseme kuelewa kosa lililomo ndani ya swali lake.

Kwa macho yake, mlima ni mkubwa usio na mwisho. Ukiwa Kiirua hata mimi naona hivyo. Lakini hifadhi ya taifa ya Mlima Kenya ni kilomita mraba 715 tu, na nyingi kati ya hizo ni miamba, baridi na majani ambayo ndovu hayamshibishi. Ukijumlisha na msitu unaouzunguka unapata zaidi ya kilomita mraba 2,000. Yaani ile "mlima yote" ni Unguja moja na kipande. Badala ya maji, imezungukwa na ngano, waru, maua, barabara ya lami, Nanyuki, Chuka, Embu, na sisi.

Wataalamu huita milima ya aina hii visiwa vya angani. Jina hilo halikutungwa kwa ajili ya mashairi. Mnyama aliyezoea baridi ya mita 3,000 hawezi kushuka, avuke joto la tambarare, apande mlima mwingine. Kwake yeye Naro Moru ni bahari.

Na kuna mnyama mmoja anayethibitisha hili vizuri kuliko mwingine yeyote, ingawa hakuna mtalii anayelipa dola kumwona. Ni kirukanjia. (Najua mtaani neno hilo lina maana nyingine. Tulieni.) Huyu ni yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayefanana na panya lakini si panya, chakula chake ni wadudu na minyoo. Huko juu, penye mianzi na nyasi za baridi, kuna jamii ya kirukanjia waliogeuka wachimbaji: mkia mfupi, macho madogo kama nukta, kucha ndefu za mbele za kufukua udongo. Kisayansi wanaitwa Surdisorex. Duniani kote jamii hiyo ina aina tatu tu zinazojulikana, na zote ziko katika nyanda za juu za eneo hili letu. Moja iko milima ya Aberdare. Moja iko Mlima Kenya. Ya tatu, ya Mlima Elgon, ilitangazwa kwa sayansi mwaka 2009, na miongoni mwa waliomwandika alikuwemo Bernard Agwanda wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Mlima mmoja, kirukanjia mmoja. Ukisimama Nyeri siku isiyo na mawingu unauona Mlima Kenya upande huu na Aberdare upande ule, matatu haimalizi saa moja kati ya miguu yake. Lakini kirukanjia hawa wawili wameachana muda mrefu kiasi cha kuwa aina mbili tofauti. Babu zao walikutana enzi za baridi, misitu ya milimani iliposhuka chini na milima ikashikana mikono kama Unguja na bara. Dunia ilipopata joto, msitu ukapanda tena na kila mmoja akabaki kwake. Jina lake la Kiswahili linadai anaruka njia. Hii njia hajairuka.

Sasa hesabu nyingine inaingia, na hii ndiyo inanikosesha usingizi. Milima ilivyo na umbo la pia, kadiri unavyopanda ndivyo eneo linavyopungua. Joto likiongezeka, ule mpaka wa baridi unapanda, na kisiwa cha kirukanjia kinapungua kutoka chini kwenda juu kama barafu ya Lewis pale karibu na vilele, ambayo wazazi wetu waliiona kubwa na sisi tunaonyeshwa mabaki. Halafu kuna moto. Mwaka 2012 na tena 2019 nyasi za juu ziliungua kwa siku nyingi, na moshi ulionekana hadi kwetu. Mnyama wa kisiwa kidogo hana pa kukimbilia. Juu yake kuna mawe, chini yake kuna joto.

Mambo ya kirukanjia yanaweza kuonekana ya mbali. Turudi kwa wakubwa.

Mwaka 1996, mtafiti William Newmark alichapisha hesabu ya hifadhi za kaskazini mwa Tanzania. Alilinganisha wanyama wakubwa walioandikwa zamani na waliobaki. Jibu lake linaumiza kwa jinsi lilivyo rahisi: hifadhi ndogo zilipoteza aina nyingi zaidi kuliko kubwa. Hifadhi hizo zilikuwa na walinzi, na sheria zilikuwepo. Shida ilikuwa mashamba na makazi yaliyozunguka pande zote, hadi mbuga ikawa kisiwa bila mtu yeyote kupiga kura kwamba iwe hivyo.

Kwetu hapa tuna mfano wenye pembe. Bongo wa milimani, yule swala mkubwa wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, anaishi kiasili Kenya pekee. Zamani alikuwa Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Eburru. Hesabu hiyo: visiwa vinne. Majangili na mbwa wao, magonjwa, ukataji wa miti, vyote vilimshambulia, na katika miaka ya 1990 akawa karibu kuisha porini hapa Mlima Kenya. Kwenye bara pana, mnyama akiisha kona moja hujazwa na jirani anayetembea kutoka kona nyingine. Kati ya Aberdare na Mlima Kenya bongo gani atembee? Apite Nyeri mjini? Leo walio porini nchi nzima hawafiki 100.

Kwa hivyo ilibidi waje kwa ndege, na wala sitanii. Mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa kutoka Marekani hadi kituo kilichoko Nanyuki, wajukuu wa wale waliokamatwa Kenya miongo iliyotangulia na kupelekwa kwenye bustani za wanyama. Februari 2025 wakaja wengine 17 kutoka Florida, safari hii wakaletwa Meru, upande wa Marania, si mbali na kwa anko. Nilipowaona kwenye habari nikacheka kwanza, halafu nikaacha kucheka. Tumefika mahali ambapo mnyama kutoka Florida anafika Mlima Kenya kwa urahisi kuliko mnyama kutoka Aberdare.

Ndovu ndiye pekee kati ya wakubwa ambaye bado anajaribu kutembea mwenyewe. Na kwake kuna mlango mmoja. Kama umewahi kwenda Ngare Ndare kupiga picha kwenye lile daraja la kamba juu ya miti, au kuruka kwenye yale maji ya buluu, ulikuwa umesimama ndani ya mlango huo bila kujua. Msitu wa Ngare Ndare uko kati ya Lewa chini na mlima juu. Kutoka hapo kuna ukanda mwembamba uliozungushiwa ua pande zote mbili, unaopita kwenye mashamba makubwa ya Marania na Kisima hadi msitu wa mlimani. Shida ilikuwa barabara kuu ya Nanyuki hadi Meru iliyokata katikati. Ndovu na malori ya mizigo usiku mmoja ni hesabu mbaya kwa wote.

Mwaka 2010 ikajengwa njia ya kupita chini ya barabara, ya kwanza ya aina yake kwa ndovu Afrika. Wengi walisema ndovu hatakubali kuingia kwenye shimo chini ya magari. Januari 2011 ndume aliyepewa jina la Tony akaingia, akatokea upande wa pili, na habari zikaenea, sijui kwa lugha gani, maana tangu hapo wanapita mamia. Mwaka 2013 UNESCO ikapanua eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya kujumuisha Lewa na Ngare Ndare, hasa kwa sababu ya muungano huo. Mwaka mmoja baadaye Lewa na jirani yake Borana wakaondoa ua uliokuwa kati yao. Ukiangalia kwa jicho la yule kirukanjia, hii ni bahari kushuka mita kadhaa. Mlima unapata tena kipande cha bara.

Si mlango mkubwa. Mahali pengine hauzidi upana wa kiwanja cha mpira kwa mbali, na mnyama wa msituni kabisa, mwoga wa mwanga, hautumii. Bongo hatapita pale kwenda Aberdare. Kirukanjia hajui upo. Lakini kwa ndovu ni tofauti ya kuishi katika Unguja moja na kuishi katika nchi inayoanzia barafuni hadi Samburu. Wakati wa kiangazi anapanda kwenye maji na msitu, mvua ikinyesha anashuka kwenye majani mapya, na ndume wa chini anakutana na jike wa juu. Hiyo ndiyo iliyowakosa punda milia wa Unguja.

Na hapa lazima niseme ukweli kuhusu upande wetu, kwa sababu makala nyingi za wanyama huandikwa na watu wasio na shamba. Kuzunguka mlima mzima kunajengwa ua wa stima. Kazi ilianza mwaka 2012, ikiongozwa na shirika la Rhino Ark pamoja na KWS na huduma ya misitu, na ukikamilika utakuwa na zaidi ya kilomita 400. Aberdare walishamaliza wao mwaka 2009. Watu wa Kiirua wanautaka huo ua, na wana haki. Mtu hawezi kulala nje na tochi na bati la kupiga kelele mwaka mzima, halafu asubuhi mtoto aende shule. Tena ua umelinda msitu wenyewe dhidi ya msumeno. Sijasikia mzee yeyote wa huku akisema uondolewe.

Ila ua ndio mkondo wa bahari. Unapokamilika bila mlango, kisiwa kimekamilika, na saa ya Kuumbi inaanza kuhesabu. Hatutaona lolote sisi. Ndovu watakuwepo, watalii watakuja, picha zitapigwa. Deni litalipwa na watu ambao hawajazaliwa, nao watadhani mlima ulikuwa hivyo siku zote, jinsi wewe na mimi tulivyodhani Zanzibar haikuwahi kuwa na punda milia.

Niliyaeleza haya yote kwa anko mwezi uliopita, niliporudi. Nilichora hata ramani mchangani kwa kijiti: mlima, Lewa, ule ukanda mwembamba. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Akaniuliza kama ndovu wale watatu na mtoto walikuwa kwenye njia yao. Nikamwambia hapana, njia yao iko upande wa Timau, hawa pengine walikuta ua umekatika mahali wakajaribu bahati yao, ila safari ilikuwa ni ile ile: kutoka chini kwenda juu. Kwao shamba lake ni sehemu ya mkondo.

"Kwa hivyo mimi ni samaki," akasema.

Tulicheka. Halafu akasema jambo ambalo sina jibu lake. Kwamba kama mlango wa ndovu una faida kwa dunia nzima, hadi UNESCO, mbona gharama ya ndovu akikosea mlango inalipwa na mtu wa robo ekari? Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema aliyeharibiwa mazao alipwe fidia. Ana fomu yake, ilipigwa muhuri kwenye afisi moja msimu uliopita wa kupanda, ameikunja ndani ya Biblia. Bado anasubiri. Haongei vibaya kuhusu ndovu hata mara moja, hilo nimeligundua. Anayoongea vibaya ni fomu.

Mimi nadhani mlango ubaki, na nadhani yeye alipwe, na sioni jinsi la kwanza litakavyodumu bila la pili. Vijana wa umri wangu hapa wanauza mashamba vipande vipande. Katika miaka kumi kila ukanda utakaokuwa haujahifadhiwa utakuwa na nyumba juu yake, na nyumba haihamishwi kama ua. Ukitaka kuongeza mlango wa pili, sema upande wa msitu wa Imenti ule unaochomoza kuelekea Meru mjini kama rasi, saa ya kuutafuta ni sasa.

Siku ile ya nyayo hatukujua lolote kati ya haya. Tulirekebisha nyaya, tukapiga vikingi viwili vipya, halafu tukainama kuokota waru zilizofukuliwa. Zilikuwa changa, ngozi inatoka kwa kidole. Zilijaa debe moja na nusu. Zilizopasuka tulizipika siku hiyo hiyo na njahi, na mtoto wa jirani aliyekuja kuangalia nyayo akalala mle ndani ya moja, amejikunja, tumpige picha.